Nyundo ya Kuzuia Mlango

Mara ya mwisho kumwona Fundi Athumani akiwa hai alinitukana, nami nikarudi nyumbani Dimani nikiwa na furaha. Ilikuwa Idi. Nilimpelekea kuku na sahani ya visheti, nikamkuta amekaa kibarazani kwake Kibiti, macho yameshaingia ukungu, mgongo ameuegemeza ukutani. Nilipotoa shikamoo hakuitikia kwanza. Alipaza sauti kumwita mkewe, Bi Somoe, aliyekuwa ndani: "Mama wee, ficha vyungu, Mndengereko kaja!" Ndipo akaitikia marahaba. Yeye alikuwa Mmatumbi, mimi Mndengereko, na sisi ni watani: aliweza kuniita mwizi wa vyungu mbele ya wakwe zangu, na kama ningekasirika, mkosa adabu ningekuwa mimi. Nilimjibu kwamba nimekuja kuangalia kama ameshakufa nirithi kitanda. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema neno ambalo alikuwa akiniambia kila nikimtembelea tangu ujana wangu: "Ile nyundo yako bado ipo. Mlango wangu haujapigwa na upepo hata siku moja." Nikacheka kama nilivyocheka kila mwaka, bila kushusha macho mlangoni. Lakini nisidanganye, neno lile kila mwaka lilinichoma kidogo, kama mwiba wa samaki uliokaa pembeni mwa fizi. Unaucheka, unakula, unalala, na asubuhi bado upo.

Mwaka huu, masika yalipokuwa yanaanza, Bi Somoe alinipigia simu alfajiri. "Mwanangu," alisema, "mtani wako katuacha." Nilifunga kiwanda changu cha uhunzi, nikapanda bodaboda, nikafika Kibiti nimelowa, kabla maiti haijaoshwa. Wanaume walikuwa nje wakigawana majembe ya kwenda kuchimba kaburi, na mawili kati ya majembe hayo niliyatambua kwa mabega yake kuwa ni ya Fundi. Ndani, wanawake walikuwa wamejaa ukumbini juu ya mikeka. Bi Somoe alinishika mkono akanikalisha karibu na mlango wa chumba alimolazwa mumewe. "Ngoja wamfunike vizuri," alininong'oneza, "nitakuingiza umuage." Nikangoja. Mama mmoja aliyekaa kando yangu, nadhani kwa nia ya kunifariji, aliniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa huyo aliyelala humo ndani, katika siku ambazo mimi ndiye niliyekaribia kuvunjika, na harufu ya ubani ilipozidi mawazo yangu yakatoka pale mkekani yakarudi kwetu, delta ya Rufiji.

Habari za wazazi wangu na ndugu zangu nitaziacha. Hawana kosa, ila hawahusiki na chuma. Itoshe kusema nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaolewa na kuachika, nimerudi kijijini kwetu ndani ya delta, na kazi yangu ilikuwa kuwapikia wakata mikoko. Wakati ule daraja la Rufiji lilikuwa halijajengwa. Malori ya kwenda kusini yalivuka kwa kivuko, na kabla ya kukifikia kivuko yalipita barabara ambayo mvua ikinyesha iligeuka jaruba la mpunga. Springi zilivunjika, shafti zilikatika, na Fundi Athumani, ambaye kiwanda chake kilikuwa pembeni mwa barabara hiyo, alisema Mungu amempa mgodi usiohitaji kuchimbwa. Mwaka ule alisikia kwamba kwetu wakata mikoko wanahitaji mashoka na wavunaji wanahitaji visu, wala hakuna mhunzi karibu, akaamua kuhamia kwa msimu mmoja. Alikuja kwa mtumbwi uliozama mpaka karibu na ukingo kwa vyuma chakavu. Bi Somoe alikuwa amekaa juu ya lundo la springi kama bibi harusi, kuku mkononi, uso umekunjwa, kwa sababu alikuwa mtu wa bara na alichukia kila kilichoelea.

Walipanga nyumba ya vyumba viwili, kuta za miti ya mikoko na udongo, na udongo ulikuwa umebanduka hata ukikaa jikoni ulisikia chumbani wanasema nini. Nyuma yake Fundi alijenga banda la makuti. Fuawe lake la kupigia chuma lilikuwa kipande cha reli kilichopigiliwa juu ya kisiki. Mivukuto ya ngozi alikuwa ameshaiacha. Alikuwa na gurudumu la baiskeli lililozungusha feni, na feni ikapuliza moto kupitia bomba. Pembeni kulikuwa na nusu pipa la maji. Mimi nilikwenda pale kwa shida ya jikoni tu: mbuzi yangu ya kukunia nazi ilikuwa imeisha meno. Fundi aliipokea, akaigeuza, akaniuliza kama huwa ninakunia nazi au mawe. Kisha akaniambia, "Zungusha hilo gurudumu wakati unangoja. Mndengereko akikaa bure anaiba." Nikazungusha. Kipande cha chuma kilikuwa cheusi, kikawa chekundu kilichofifia, kikaja kikawa na rangi ya papai bivu, na Fundi alipokipiga kilikubali, kililala, kilifuata nyundo. Sikuwa nimewahi kuona kitu kigumu kikikubali. Mume wangu wa zamani hakuwahi kukubali jambo hata moja. Nilisimama pale mpaka wali ukaungua, na siku ile wakata mikoko walikula ukoko.

Kesho yake nilirudi bila mbuzi na bila sababu. Fundi hakuniuliza, alinionyesha gurudumu kwa kidevu. Wahenga wamesema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na yeye aliongeza la kwake: "Wewe hata si mwana wa mhunzi, basi vukuta mara mbili." Nikawa napika asubuhi, nikigawa chakula cha mchana nakimbilia kiwandani. Nilijifunza kuijua springi iliyochoka kwa mlio wake ikigongwa, kuinyoosha upinde wake motoni, kuikata kwa tindo ingali na rangi, na kuiacha ipumzike majivuni. Nilijifunza pia kwamba chuma kilichopoa kidogo hakionyeshi dalili, na alama yake bado ninayo kwenye kiganja cha kushoto. Bi Somoe alinipaka asali akanitukana kwa mapenzi. Yeye ndiye aliyenilisha mwaka ule. Alipika kisamvu cha korosho alizotoka nazo kwao, na mimi nikamletea kamba wabichi ambao mwanzoni aliwaogopa kama wadudu, baadaye akawa anawaulizia. Tulikula mimi na yeye mkekani, Fundi juu ya kigoda chake kando, anatoa hukumu. "Nazi imezidi." "Ndimu iko wapi?" Mkewe hujibu, "Iko dukani, inakungoja." Nimekula karamu nyingi tangu wakati ule, na sikumbuki nyingine iliyonikaa mwilini kama vyakula vya mkeka ule.

Kiwanda chake kilikuwa na desturi aliyorithi kwa mwalimu wake: nyundo haiazimwi. Anayejifunza hufua nyundo yake mwenyewe. Nyundo ya mwalimu ataishika kwa kazi hiyo moja tu, tena mwalimu akiwa amesimama, na mpaka siku nyundo yake itakapopewa maji na kuingia mpini, mtu huyo si fundi wala nusu fundi. Ni wa kuvukuta, kushika koleo na kufagia. Nilitaka kuitwa fundi kuliko nilivyowahi kutaka kuitwa mke wa mtu. Alinipa kipande cha shafti ya lori, kinene kama kiwiko changu, na kwa wiki nyingi, kazi za watu zikiisha, nilikitia motoni na kukipiga. Uso mmoja ukapatikana, kisha wa pili. Ikabaki kutoboa tundu la mpini. Tundu hutobolewa nusu kwa upande huu, halafu unageuza, unatafuta kivuli cheusi kinachokuonyesha mahali pa kumalizia. Fundi alisema, "Ngoja ukione." Mimi sikungoja, nilikuwa na haraka ya kuwa fundi. Tundu likatoka kombo, na kichwa kizima kikaonekana kinasikiliza jambo upande wa kulia. Fundi alikitazama kwa muda mrefu, akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. "Hii si nyundo," alisema. "Ni kiazi. Kitafaa kuzuia mlango." Nilitaka kukitupa mtoni. Alinishika mkono. Kwake chuma hakitupwi. Akakiweka juu ya mwamba wa banda, ile boriti ya paa, hakijapewa maji, kingojee siku yake.

Kupewa maji ndiko kunakokifanya chuma kiwe na kazi. Shoka likishafuliwa huwa laini bado. Unalitia moto tena, likifika rangi ya papai unauzamisha ubapa wake majini, linalia na kutoa moshi, na hapo ubapa unakuwa mgumu. Kisha unaupasha polepole mpaka upitiwe na rangi ya mabua ya mpunga, ili ugumu upungue kidogo usije ukakatika. Mashoka ya mwanzo, tuliyofua mto ukiwa bado na maji ya mvua, yalitoka mazuri, na wakata mikoko wakaagiza mengine mengi. Lakini kiangazi kilipoingia mambo yakaharibika. Shoka linazamishwa, na badala ya kulia linatoa mlio mdogo, ti, kama kibiriti, ukilitoa lina ufa. Lingine linatoka zima, linakwenda porini, linamegeka. Fundi alibadilisha makaa, akabadilisha springi, akapunguza moto, akaongeza moto. Jioni alikaa amelishika shoka lenye ufa kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa bila kuugua. Ndipo aliposema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini alilisema kwa sauti ya mtu anayejiuliza kama ndiyo mwisho wenyewe.

Msimamizi wa wakata mikoko aliitwa Bwana Hemedi, mtu mzima, mpole, mwenye kusali kwa wakati. Alikuja siku ya Jumatatu na kipande cha shoka kimefungwa kwenye kitambaa. "Fundi, nakuheshimu," alisema, "lakini haya si mashoka, ni vigae. Hiki kimemruka kijana wangu kikampasua muundi. Lingekuwa jicho je?" Bwana Hemedi akanitazama, kisha akatazama chini, maana nilikuwa nikimpikia na alikuwa akiona haya. "Na nisikufiche. Watu wanasema. Tangu lini kiwanda cha chuma kikafungwa kanga? Wazee walikataza mwanamke kukanyaga penye moto wa chuma, nawe unamweka avukute." Nilingoja Fundi amrushie utani. Hakurusha. Bwana Hemedi akamaliza kwa upole uleule: "Ijumaa tukitoka kusali nitapita. Nikikuta mashoka mazima, na dada huyu karudi jikoni kwake, nitachukua yote. Nikimkuta humu, nitatafuta mhunzi Utete. Nisamehe, nina watu wa kuwalinda." Hakuwa mtu mbaya. Leo nina vijana wawili ninaowafundisha, na shoka likiondoka kwangu silali vizuri mpaka nisikie limefanya kazi, kwa hiyo simlaumu hata kidogo. Siku ile nilimchukia mpaka meno yakauma.

Jioni ile nilikuwa jikoni namenya mihogo, na wao chumbani, na ukuta ulikuwa vile nilivyosema. Bi Somoe alisema, "Mrudishe kwao kwa wema. Mimi nampenda kuliko wewe, lakini tutakula nini?" Fundi akasema, "Nikimrudisha nitakuwa nimekubali kwamba shoka linavunjwa na kanga." "Kwani unakataa?" "Sijui, mama. Mwalimu wangu asingemruhusu apite hata mlangoni. Yawezekana ni kweli. Nami napenda anavyofanya kazi, ndiyo maana nashindwa kuona vizuri." Kisu kilisimama mkononi mwangu. Nimesikia maneno mengi mabaya juu yangu maishani, mengine kutoka kwa mume niliyekuwa nalala naye, na hakuna lililoniuma kama lile lililosemwa na mtu aliyenipenda. Nilijua nina mpaka Ijumaa, na nilijua kwamba nikirudi jikoni safari hiyo sitatoka tena. Nikamalizia kumenya mihogo, maana watu wale wangehitaji kula vyovyote vile.

Alhamisi mchana Bi Somoe alipakua wali, na Fundi akalitema tonge la kwanza. "Umeupika au umeufanya ng'onda? Chumvi gani hii?" Bi Somoe akaapa kwamba ametia chumvi ileile ya siku zote, na akaonja, uso ukamkunjamana. Wakaanza kugombana ugomvi wa watu waliobanwa na jambo jingine kubwa zaidi. Mimi nilionja nikajua hapohapo. Zilikuwa siku za bamvua, maji ya bahari yanapopanda juu kabisa, na kiangazi mto ukiisha nguvu chumvi hupanda hadi kwetu. Mtoto wa delta wa miaka sita anajua kwamba masika yakishapita, maji ya kupikia huchotwa kisimani. "Bi Somoe," nilimwuliza, "umechota mtoni?" "Kisimani ni mbali na mgongo unauma," alisema. "Na kosa liko wapi? Si ndiyo hayohayo Fundi anayotia kwenye pipa lake kila siku?"

Nakumbuka niliweka sahani chini taratibu. Niliondoka mkekani bila kunawa, nikaenda bandani, nikachovya kidole kwenye nusu pipa, nikalamba. Mdomo wote ulikauka. Yalikuwa makali kuliko maji ya mto, makali kuliko bahari. Na ukingoni mwa pipa kulikuwa na utando mweupe niliokuwa nimeuona kwa wiki nyingi nikidhani ni majivu. Kwetu watu hupika chumvi kwa kuchemsha maji ya matope ya mikokoni mpaka yakauke. Sisi tulikuwa tunazamisha vyuma vya moto katika maji ya mto, maji yanatoka kwa moshi, chumvi inabaki, tunaongeza maji ya mto, chumvi inabaki tena. Tulikuwa tunapika chumvi na hatujui. Fundi wa bara maisha yake yote alitumia maji ya kisima, na mimi wa delta nilijua kila kitu kuhusu maji yale isipokuwa kwamba chuma nacho kinakunywa. Mambo ya jikoni niliyaacha jikoni kila nilipoingia bandani, kwa hofu ya kuonekana mpishi. Nilimwita Fundi akaja akiwa bado na hasira ya wali. "Onja," nilimwambia. Alionja akabaki ameweka kidole mdomoni kama mtoto.

Tulimwaga pipa, tukalisugua, Bi Somoe akasahau mgongo wake na kujitwisha ndoo za kisimani pamoja nami. Fundi alikata vipande viwili vya springi moja. Cha kwanza akakizamisha kwenye ndoo yenye maji tuliyoyabakiza ya zamani: ti. Cha pili katika maji mapya: kililia kilio kirefu kizuri, kikatoka bila ufa. Bi Somoe akapiga kigelegele. Fundi akamnyamazisha. "Vipande vyembamba vinadanganya," alisema. "Nataka chuma kinene, kilichofuliwa na mkono uliosemwa kwamba una nuksi. Mtani, teremsha kiazi chako." Kikipata ufa, kazi ya miezi imekwisha, na kwa desturi yake ningetakiwa kuanza upya, na kesho yake ilikuwa Ijumaa. "Kinyweshe mwenyewe," alisema, akarudi nyuma, akashika gurudumu akavukuta yeye. Fundi Athumani alinivukutia mimi. Niliingoja rangi. Safari hii niliingoja kweli, nikaiona ikija toka katikati, nikazamisha uso mmoja, nikageuza, nikazamisha wa pili, na maji yakalia mpaka nikashindwa kusikia pumzi yangu. Fundi alikichukua mkononi, akakipeleka kwenye mwanga, akakipitishia ukucha pande zote. Kisha akakigonga kwenye reli, na kikatoa sauti safi iliyokwenda mpaka mtoni. Hakunisifu. Alisema tu, "Bado ni kiazi," halafu akageuka upande wa pili kwa muda, akijifanya anatafuta koleo.

Ijumaa Bwana Hemedi alikuja na kanzu yake ya msikitini, akanikuta nimesimama palepale kwenye gurudumu. Alivuta pumzi kuanza kusema. Fundi akamwekea mbele mashoka tuliyoyapa maji mapya tangu alfajiri, na gogo la msikundazi, mti wa mikokoni ambao wakataji wenyewe wanaujua kwa ukaidi. "Chagua lolote," alisema. "Likimegeka, mimi na huyu tutaondoka kwa mtumbwi mmoja." Nilimtazama Bi Somoe; hakuwa ameambiwa hilo, lakini alitikisa kichwa kukubali. Bwana Hemedi alikunja mikono ya kanzu akapiga. Akapiga tena kwa nguvu za mtu anayetaka kushindwa ili amalize shaka. Vipande vya msikundazi viliruka, na ubapa ulibaki mzima, una rangi yake ya mabua. Alifuta jasho. "Ilikuwa nini?" aliuliza. Fundi akasema, "Chumvi. Na aliyeionja ni yule mwenye kanga." Bwana Hemedi alicheka kwanza kidogo, kisha sana, akaniambia, "Dada, nisamehe. Miaka yote nakula wali wako, nilipaswa kujua ulimi wako haukosei." Wiki iliyofuata aliniletea panga lake nilitengeneze, mimi, si Fundi. Nililala nalo chumbani siku ile, kwa furaha ya kijinga.

Masika yalipokaribia, Fundi na mkewe walifunga mizigo. Nilikuwa nimeshatia mpini nyundo yangu, na kwa kuwa tundu lilikuwa kombo ilibidi uishike ukiwa umepinda kiwiko kidogo. Pale ufukweni Fundi alinyoosha mkono. "Ilete." Nikampa, nikidhani anataka kuniaga kwa utani wa mwisho. Akanipa nyundo yake mwenyewe, ile aliyofulia tangu ujana wake, mpini umelainika kama mkono wa mtu. "Hii ya kwako imejifunza makosa yako yote," alisema. "Ukiendelea nayo itakukumbusha. Chukua hii, haikujui. Hiki kiazi nakwenda nacho, mlango wangu Kibiti unapigwa sana na upepo." Wakapanda mtumbwini. Bi Somoe alilia waziwazi, kuku mkononi. Fundi hakuniita fundi. Nilingoja mpaka mtumbwi ukakata kona, na hakuniita. Kwa nyundo yake nimefua chuma maisha yangu yote, nimesomesha watoto, nimezika mume mwema niliyempata baadaye, na siku nyingi nikiwa nafua nilikuwa nikijiambia kwamba mzee yule aliniachia chombo chake kwa huruma, na kwamba kazi ya mikono yangu iko mlangoni Kibiti inapigwa teke na watoto.

"Haya, ingia," Bi Somoe alinong'ona, na nikarudi kwenye ukumbi wa watu. Aliniongoza chumbani. Fundi alikuwa amelazwa kitandani amefunikwa shuka jeupe, mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Kwetu pwani, maiti ikingoja kuoshwa huwekewa kisu tumboni, au chuma chochote kizito, tumbo lisijae. Juu ya shuka, tumboni mwa Fundi Athumani, hakukuwa na kisu. Palikuwa na nyundo, kichwa chake kimeinama upande wa kulia kama kinasikiliza jambo. Nilipiga magoti. Uso mmoja wa nyundo ulikuwa umelika hata ukawa mfupi kuliko mwingine, unang'aa kama shilingi, na pembe zake zote zimekwisha. Mlango hauwezi kukila chuma hivyo. "Tulipotoka kwenu hakushika nyingine," Bi Somoe alisema. "Mipini kabadilisha mpaka nimeacha kuhesabu. Vijana wakiigusa anawafokea kwamba hii ni ya fundi wa delta. Alisema akifa asiwekewe kisu, awekewe hiyo." Nikamwuliza kwa sauti ambayo sikuitambua, "Na mlango?" "Mlango upi?" "Mlango aliokuwa anauzuia." Alinitazama kwa huruma, kama aliyeona kwamba msiba umenichanganya. "Mlango wetu tunauzuia kwa tofali, mwanangu. Si lile pale? Kila ukija unaliruka."

Nililia pale kwa sauti, bila kujali. Nililia kwa ajili yake, na kwa ajili ya msichana yule aliyesimama ufukweni akingoja neno ambalo lilikuwa likisemwa Kibiti kila siku, kwa watu wengine, asilisikie. Na nilimkasirikia pia. Mmatumbi mshenzi, alishindwa nini kuniambia? Lakini kama angeniambia waziwazi asingekuwa mtani wangu, na bila utani sijui kama tungependana vile. Wanaume walikuja kumchukua kumwosha. Bi Somoe akaiondoa nyundo tumboni mwake, akanikabidhi, na nilipoishika kiwiko changu kikapinda chenyewe.

Adhuhuri walikuja na jeneza kumtoa. Mvua ilikuwa inasogea na upepo umeanza, na mlango wa mbele ukawa unajifunga kwa kishindo kila wanapojaribu kupita. Kijana mmoja aliita, "Sogezeni lile tofali!" Nikawahi mimi. Nililisukuma tofali kwa mguu likaanguka nje, nikainama, nikaiweka nyundo yangu pale chini, palepale lilipokuwa. "Mama, unafanya nini?" kijana aliuliza. Nilisimama kizingitini nikawazuia waliobeba. "Mimi ni mtani wake," niliwaambia, "na hapiti mtu hapa mpaka kiazi changu kifanye kazi aliyokipa mwenyewe, kuzuia mlango." Wazee wakaelewa wakacheka na machozi, akina mama nyuma yangu wakaangua kicheko na kilio kwa pamoja, na Bi Somoe akajifunika kanga usoni mabega yakimtikisika. Nikasogea kando. Upepo ulikuja kwa nguvu, ukausukuma mlango, mlango ukagonga nyundo ukatulia, na Fundi wangu akapita.